Kutafuta damu iliyovuja kwenye ubongo wa mtoto njiti kwa ultrasaundi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila kundi jipya la madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo linapoingia wodi ya watoto wachanga, maswali huwa ni yale yale: ni mtoto yupi apimwe, apimwe siku ya ngapi, weupe upi ni wa kawaida na upi ni damu, na mama yake aelezwe nini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayeanza, uwe daktari, tabibu, muuguzi au mtaalamu wa mionzi, ambaye mashine unayo na mtoto yupo mbele yako lakini mkono bado haujazoea. Hauchukui nafasi ya msimamizi. Picha zako za mwanzo, walau thelathini, zipitiwe na mtu mwenye uzoefu kabla majibu hayajaandikwa kwenye faili.

Jambo moja nitalirudia mara kwa mara, kwa sababu ndilo linalotenganisha kipimo cha kuaminika na cha kubahatisha: weupe ulioonekana kwenye mkato mmoja tu wa picha usiuite damu mpaka uuone pia kwenye mkato wa pili.

Yatosha kujua haya kabla ya kuanza

Kwenye sakafu ya vyumba vya maji vya ubongo, yaani ventrikali za pembeni, kuna tabaka la chembe changa liitwalo matriksi ya jeminali. Mishipa yake ya damu ni myembamba na dhaifu mno. Tabaka hili hupungua kadiri mimba inavyokua, na kufikia wiki ya 34 hadi 36 huwa karibu limekwisha. Mtoto akizaliwa kabla ya hapo, ubongo wake hauwezi kudhibiti vizuri mtiririko wa damu, hivyo presha ikipanda au kushuka ghafla, kaboni dayoksaidi ikizidi, au akipewa maji ya mshipani kwa kasi, mishipa hiyo hupasuka. Takriban nusu ya uvujaji hutokea katika saa 24 za kwanza, na karibu asilimia 90 huwa umetokea ndani ya saa 72. Watoto wengi kati yao hawaonyeshi dalili yoyote, na ndiyo maana tunawapima hata wakiwa wametulia.

Nani apimwe, na lini

Mpime kila mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya gramu 1500 au kabla ya wiki 32 za ujauzito. Huku kwetu akina mama wengi hawana uhakika na tarehe ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo uzito ndio hutuongoza, lakini usiutegemee peke yake. Mtoto wa gramu 1900 aliyekomaa wiki 38 ila akadumaa tumboni ana hatari ndogo ya uvujaji wa aina hii, kwa kuwa matriksi imekwisha kufifia, ilhali mtoto wa gramu 1600 mwenye wiki 30 bado anayo. Mtazame ngozi, masikio na nyayo, umkadirie umri kabla ya kuamua.

Kipimo cha kwanza kifanywe siku ya 3 au ya 4, cha pili mwishoni mwa wiki ya kwanza au katikati ya wiki ya pili, cha tatu akifikisha wiki 4 hadi 6, na cha mwisho anapokaribia umri ambao angezaliwa kwa wakati. Usisubiri ratiba ikiwa mtoto amepauka ghafla, damu yake imeshuka bila sababu, anasahau kupumua mara kwa mara, ana degedege, au utosi wake umevimba.

Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya ultrasaundi yenye probu (kile kichwa chake kinachowekwa kwenye ngozi) ndogo ya uso wa mviringo, ya masafa ya megahezi 5 hadi 10. Probu ya kupimia wajawazito haifai, kwa kuwa uso wake ni mpana kuliko utosi na picha yake hukosa undani. Kama huna nyingine ila ile bapa ya kupimia mishipa, itakuonyesha sehemu za katikati za kichwa kidogo, lakini pembeni itakunyima.
- Jeli ya pakiti ya matumizi ya mara moja, iliyopashwa joto kwa kuishika kiganjani au kuiweka ndani ya inkubeta kwa dakika chache.
- Vitambaa vya kusafishia probu vinavyokubaliwa na mtengenezaji wake, pamoja na glovu safi.
- Kofia, soksi na blanketi la mtoto.
- Oksimita, kifaa cha kusoma oksijeni na mapigo ya moyo, ikiwa imefungwa na inasoma.
- Futikamba ya kupima mzingo wa kichwa, na chati ya upana wa ventrikali kulingana na wiki za ujauzito.
- Msaidizi mmoja, ambaye anaweza kuwa muuguzi au mama mwenyewe.

Kuhusu jeli niseme wazi. Chupa kubwa ya jeli inayojazwa tena na tena ni hatari kwa watoto hawa, kwani jeli yenye bakteria imewahi kusababisha milipuko ya maambukizi hospitalini katika nchi mbalimbali. Ikiwa pakiti hazipatikani, fungua chupa mpya kwa ajili ya wodi hii peke yake, andika tarehe ya kufunguliwa, usigusishe mdomo wake kwenye ngozi wala probu, na usiijaze tena ikiisha.

Hatua za kupima

1. Mweleze mama na umpe mtoto joto. Mwambie mama kwamba kipimo hiki hakina mionzi, hakimuumizi mtoto na kitachukua takriban dakika kumi. Mtoto aliye kwenye huduma ya kangaroo asitolewe kifuani: mama ajiinue nusu kuketi, kichwa cha mtoto kigeuzwe upande, nawe usimame ubavuni. Aliye ndani ya inkubeta apimwe humo humo kupitia madirisha ya pembeni. Joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kofia irudishwe ukimaliza.

2. Nawa mikono, safisha probu, andika jina. Ingiza namba ya faili, uzito wa kuzaliwa na umri wa siku kwenye mashine kabla ya picha ya kwanza. Wenye mapacha wanajua ni mara ngapi Kulwa amebeba majibu ya Doto.

3. Rekebisha mashine. Chagua mpangilio wa kichwa cha mtoto mchanga kama upo. Weka kina cha sentimita 6 hadi 8, kiasi kwamba mfupa wa upande wa pili uonekane karibu na ukingo wa chini wa kioo. Ongeza mwangaza hadi nyama ya ubongo iwe ya kijivu na maji yawe meusi kabisa. Mwangaza ukizidi, kila mtoto ataonekana amevuja damu, na ukipungua, damu halisi itajificha. Nguvu ya mawimbi iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na gandisha picha wakati unafikiri, usiendelee kumulika.

4. Weka probu kwenye utosi wa mbele bila kukandamiza. Jeli ndiyo inayoshika ngozi. Mkono wako uegemee kwenye godoro au kando ya kichwa. Ukikandamiza utosi unaongeza presha ndani ya fuvu, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Sikiliza oksimita muda wote, na mapigo yakishuka inua mkono mara moja.

5. Anza na mikato ya koronali, kutoka mbele kwenda nyuma. Probu ilale kutoka sikio hadi sikio, na alama yake ielekee upande wa kulia wa mtoto ili kulia kwake kuwe kushoto mwa kioo. Usiisogeze kutoka mahali pake. Iinamishe tu polepole, na uhifadhi picha sita.
   - Ya kwanza ni mbele kabisa, juu ya mashimo ya macho, ambako hakuna ventrikali.
   - Ya pili ni kwenye pembe za mbele za ventrikali, ambazo kwa mtoto wa kawaida ni nyufa mbili nyembamba nyeusi.
   - Ya tatu ni kwenye tundu la Monro, mahali ventrikali za pembeni zinapokutana na ile ya tatu.
   - Ya nne hupita kwenye thalamasi, vinundu viwili vya ubongo vilivyo kando ya ventrikali ya tatu, na kushuka hadi ubongo mdogo, ambao hukaa chini ya utando wenye umbo la paa la nyumba.
   - Ya tano ni kwenye sehemu pana ya ventrikali kwa nyuma, ambamo pleksasi ya koroidi, tishu inayotengeneza maji ya ubongo, huonekana nyeupe pande zote mbili.
   - Ya sita ni nyuma kabisa, juu ya ventrikali.

   Kila picha lazima iwe na ulinganifu. Ukiona mfupa wa upande mmoja ni mnene kuliko wa pili, umeinama, na ventrikali moja itaonekana kubwa bila kosa lake. Hata hivyo tofauti ndogo ni ya kawaida, na mara nyingi ya kushoto ndiyo huwa pana kidogo.

6. Geuza probu robo duara upate mikato ya sajitali, yaani ya kutoka usoni kwenda kisogoni. Alama sasa ielekee usoni, na mbele ya mtoto iwe kushoto mwa kioo. Anza katikati, uone upinde wa kopasi kalosamu (daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo), nafasi ya maji iliyo chini yake, ventrikali ya tatu na ya nne, na ubongo mdogo unaong'aa kwa nyuma. Kisha inamisha upande mmoja hadi uone ventrikali ya pembeni. Wanaoanza hukwama hapa kwa sababu ventrikali haikwenda sambamba na mstari wa katikati, bali hutanuka kwenda nje kadiri inavyoelekea nyuma; zungusha probu kidogo ili mwisho wake wa nyuma uelekee nje, nayo itafunguka yote kwenye picha moja. Endelea nje zaidi hadi mpasuko wa Sylvius, ule mkunjo wenye kina ulio ubavuni mwa ubongo, halafu rudia upande wa pili.

7. Tulia kwenye mfereji kati ya kaudeti, kiini cha ubongo kilicho kwenye ukuta wa ventrikali ya pembeni, na thalamasi. Hapa ndipo kipimo chote kinapoamuliwa, na ukiwa na dakika kumi, tatu zitumie hapa. Kwenye mkato wa sajitali wa pembeni utaona kaudeti mbele na thalamasi nyuma, na kati yao mstari mwembamba mweupe. Pleksasi ya koroidi huja kutoka nyuma, nene na nyeupe, hupungua unene inavyoelekea mbele, na kukomea kwenye mfereji huu. Haiingii kwenye pembe ya mbele ya ventrikali, wala kwenye pembe ya nyuma. Kwa hiyo uvimbe mweupe wa mviringo mbele ya mfereji huu, unaoonekana pia kwenye mkato wa koronali chini ya sakafu ya pembe ya mbele, ni damu. Weupe uliopo mkato mmoja na kutoweka kwenye mwingine ni kivuli cha pembe ya mawimbi. Upige picha, urudie, lakini usiupe jina.

8. Angalia kupitia dirisha la nyuma ya sikio. Damu ya ubongo mdogo hupotea kirahisi ukipima kupitia utosi wa mbele peke yake, kwa kuwa iko mbali na paa la utando hung'aa kuliko yenyewe. Weka probu nyuma ya sikio, juu kidogo ya usawa wa tundu lake, mahali mifupa ya fuvu inapokutana, na utazame nusu zote mbili za ubongo mdogo. Hatua hii inarukwa mno. Isirukwe kwa mtoto wa chini ya gramu 1000.

9. Tumia Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inayotembea, ukiwa na shaka, kwa muda mfupi. Pleksasi ya koroidi ina mtiririko wa damu, bonge la damu iliyoganda halina. Ila mashine dhaifu inaweza kushindwa kuonyesha mtiririko ulio mdogo, kwa hiyo ukikosa rangi, hilo peke yake halithibitishi kwamba ni bonge.

10. Pima. Kwenye mkato wa tundu la Monro, pima kutoka mstari wa katikati hadi ukingo wa nje wa ventrikali kila upande. Hiki ndicho kipimo cha Levene cha mwaka 1981, nacho husomwa kwenye chati kwa umri wa wiki. Pima pia upana wa pembe ya mbele kwa mshazari: kwa kawaida hauzidi milimita 3, na ukivuka 6 kuna tatizo. Mwisho pima mzingo wa kichwa kwa futikamba, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayokusaidia mtoto akirudi nyumbani mahali pasipo na mashine.

11. Toa daraja, kila upande peke yake. Madaraja tunayotumia yalitolewa na Papile na wenzake mwaka 1978 kwa watoto wa chini ya gramu 1500, na wakati huo walitumia CT, yaani picha za mionzi za mikato ya kichwa. Daraja la 1 ni damu iliyobaki kwenye matriksi. La 2 ni damu iliyoingia ndani ya ventrikali bila kuitanua. La 3 ni damu iliyojaza zaidi ya nusu ya ventrikali na kuitanua. La 4 ni weupe ndani ya nyama ya ubongo kando ya ventrikali, nao si mwendelezo wa la 3 kama ilivyodhaniwa zamani: bonge huziba mishipa inayorudisha damu, na eneo lile la ubongo hufa. Ndiyo maana la 4 huwa mara nyingi upande mmoja, na umbo lake ni kama kipepeo aliyefunguliwa bawa moja.

12. Andika majibu kwa maneno, usiandike namba peke yake. Mfano: «Siku ya 3, wiki 29, gramu 1180. Kulia: weupe wa milimita 5 kwenye mfereji, umeonekana koronali na sajitali, ventrikali haina damu, daraja la 1. Kushoto: kawaida. Ubongo mdogo: kawaida kupitia nyuma ya sikio. Kipimo cha Levene: kulia milimita 9, kushoto 9. Arudiwe siku ya 7.» Atakayepima wiki ijayo ataweza kulinganisha. Neno «IVH» (kifupi cha Kiingereza cha damu kuvuja ndani ya ventrikali) peke yake kwenye faili halimsaidii mtu yeyote.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuita pleksasi ya koroidi damu. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, niliwahi kumwambia mama kwamba mwanawe amevuja damu pande zote mbili kwa kuangalia mkato wa tano peke yake. Siku tatu baadaye mkubwa wangu alirudia kipimo na kukuta pleksasi safi kabisa, laini kwenye kingo na sawa pande zote. Siku zile tatu mama aliacha kukamua maziwa, akiamini mtoto hatapona. Tangu hapo sijampa mama yeyote jibu la mkato mmoja.

Kosa la pili ni kuogopa weupe hafifu ulio nyuma, kando ya ventrikali. Watoto njiti wengi wanao, na hutokana na namna mawimbi yanavyogonga nyuzi za ubongo. Ulinganishe na pleksasi: ukiwa hafifu kuliko pleksasi, una mistari laini na uko sawa pande zote, ni wa kawaida. Ukiwa mweupe sawa na pleksasi, wa mabaka, au wa upande mmoja, rudia baada ya wiki moja, na usikose kipimo cha wiki ya 4, kwa sababu vifuko vya maji vinavyoachwa na ubongo uliokosa damu huchukua wiki 2 hadi 4 kujitokeza.

Kosa la tatu ni kushangaa ubongo kuwa laini bila mikunjo. Mtoto wa wiki 26 ndivyo alivyo. Mikunjo huja na wiki.

Kosa la nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kupima mara moja, kuona daraja la 2 au la 3, kisha kutorudi. Maji ya ubongo hujikusanya taratibu katika wiki zinazofuata, mtoto akiwa ananyonya na kuongezeka uzito. Mwenye damu ndani ya ventrikali apimwe walau mara moja kwa wiki kwa wiki nne, na ventrikali zikianza kutanuka, mara mbili kwa wiki.

Ukikwama

*Picha ni nyeusi yote.* Ongeza jeli, nywele zimeshika hewa. Kama bado, probu iko juu ya mfupa. Papasa utosi kwa kidole na uanze upya.

*Utosi ni mdogo mno.* Inamisha probu zaidi badala ya kuisogeza, na tumia utosi wa nyuma pamoja na dirisha la nyuma ya sikio.

*Mtoto analia na kutikisika.* Simama. Mama amwekee mkono kichwani na miguuni, au anyonye kidogo kama anaruhusiwa, kisha endelea. Mtoto anayepumua kwa shida siku hiyo anaweza kusubiri kesho ikiwa jibu halitabadilisha matibabu ya leo.

*Ventrikali ina kitu cha kijivu, si cheupe wala cheusi.* Bonge linapozeeka, katikati yake hugeuka jeusi baada ya wiki moja au mbili na kuta za ventrikali hung'aa. Tafuta picha za awali ulinganishe.

*Kipimo ni safi lakini mtoto ana degedege au amepauka.* Ultrasaundi haioni vizuri damu iliyokaa juu ya ubongo, chini ya fuvu, wala madhara ya awali ya kukosa hewa. Mtibu mtoto, hakikisha alipata vitamini K alipozaliwa, pima sukari na wingi wa damu, na omba CT au MRI panapowezekana.

*Ventrikali zinatanuka na kichwa kinaongezeka zaidi ya sentimita 2 kwa wiki.* Piga simu kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyo hiyo. Tanzania rufaa hizi hupokelewa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyo pale Muhimbili, Kenya wapo hospitali ya Kijabe, na Uganda ipo hospitali ya CURE iliyoko Mbale. Usijaribu kupunguza maji kwa asetazolamidi na frusemidi: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba dawa hizo haziwasaidii watoto hawa na huwaongezea madhara.

Kumweleza mama

Mweleze akiwa ameketi, pamoja na baba au bibi wa mtoto kama wapo, na umwonyeshe picha. Kwa daraja la 1 au la 2 mwambie hivi: «Mama, tumeona damu kidogo ndani ya kichwa cha mtoto. Hukusababisha wewe. Wengi wenye kiasi hiki hukua vizuri, na damu hii mwili wenyewe utaiondoa. Endelea kumkamulia na kumweka kifuani, nasi tutampima tena Alhamisi.» Kwa daraja la 3 au la 4 usimfiche kwamba mtoto anaweza kuchelewa kutembea au kupata udhaifu wa upande mmoja, wala usimtabirie jambo ambalo picha haiwezi kusema. Kisha andika kwenye kadi ya kliniki mzingo wa kichwa wa siku ya kuruhusiwa, tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya wodi ambayo mama ataipiga akiona utosi umevimba, macho yanatazama chini muda wote, au mtoto anatapika kila anyonyapo.